Neno Mlangoni

Katika mji ule watu wote walikuwa weupe, si kwa kuzaliwa bali kwa chokaa. Vumbi la tanuri liliwatulia kwenye nywele, kwenye kope na kwenye mikunjo ya shingo, mpaka mzee na kijana, ndugu na jirani, wakawa na sura moja. Walitambuana kwa kikohozi na kwa mwendo. Jua nalo lilikuwa limefunikwa na moshi tangu zamani, hata asubuhi na jioni zikachanganyika kama maziwa ndani ya uji, na kuamua kukaachiwa king'ora. Kikilia kwa kirefu ni asubuhi. Kikilia kwa kukatakata imekuwa jioni, hata kama hujamaliza mwayo wa kuamka. Mji haukuwa na jina. Wengine walisema uliwahi kuwa nalo, ila kwa kuwa hakuna aliyetoka nje yake, hakuna aliyepata haja ya kulitaja, likafa kwa kukosa kazi.

Humo aliishi Sikudhani, mke wa Faki, na kazi yake ilikuwa kuandika neno mlangoni.

Mlango ulikuwa mmoja tu, wa mvule, juu ya ngazi, mkabala na tanuri. Nyuma yake alikaa mwenye amri juu ya kazi. Neno la kumwitia lilibadilika mara kwa mara, kwa hiyo alihitajika mtu wa kulikwangua la zamani na kulipaka jipya. Sikudhani alikuwa na brashi, kopo la rangi nyeusi, kipande cha msasa na mkono usiotetemeka. Alikuwa ameandika NYAPARA, neno lenye harufu ya bakora na mizigo ya kichwani. Alikuwa ameandika TAJIRI, zama zile mtu yeyote akupaye kazi aliitwa hivyo, hata kama viatu vyake vimetoboka. Aliandika BWANA MKUBWA, herufi zikabanana kama abiria. Aliandika MWAJIRI, kisha MKURUGENZI, na siku ile ya MKURUGENZI, aliyekuwa ndani akaagiza aletewe kiti chenye mgongo mrefu zaidi.

Mtu wa ndani hakuwa akibadilika. Jambo hilo watu walilijua na hawakulijua. Alikuwa Machano yuleyule aliyebeba mawe bega kwa bega na Faki, akaimba vibaya akiwa kazini, akala sahani moja na wenzake akitafuta kipande cha samaki kilicho kikubwa. Siku aliyopanda ngazi, jina lake lilibaki chini kama kandambili zilizovuliwa. Hakuna aliyelikataza. Lilikosa tu wa kuliokota.

Akiwa anasugua mbao kwa msasa, Sikudhani alikuwa na tabia ya kuwaza. Aliona kwamba kila neno lilipotoka liliacha kivuli, na kwamba chini ya neno la leo maneno yote yaliyotangulia yalikuwa yamelala yamepandana, hayajafa. Akajiuliza: mtu hukikaa cheo, au cheo ndicho humkaa mtu? Akajiuliza mbona aitwe msimamizi yule anayekaa kutwa, ilhali wanaosimama ni wengine. Meneja lilikuwa neno lililofika limeshavaa viatu, hata hakuna aliyethubutu kuuliza limezaliwa wapi. Mkuu, ukilisema taratibu, lilikuwa ni ukubwa tu, bila kusema wa nini. Na yeye anayeyaandika yote, hakuna aliyewahi kumwita kwa neno la kazi yake. Alipoitwa aliambiwa: wewe wa rangi, njoo.

Mchana mmoja Faki alimjia chini ya ngazi. Alikuwa mchochezi, kazi yake kulilisha tanuri kuni mdomoni, na kwa kawaida haondoki pale mpaka king'ora.

"Tanuri limebeba mimba," akasema.

"Unasemaje?"

"Ukuta wa magharibi umefura. Una ufa. Nimetia mkono, umeingia wote mpaka kwenye kifundo. Na tazama kule."

Sikudhani akatazama. Upande wa kusini, chini ya moshi, kulikuwa na weusi wa aina nyingine. Ilikuwa mvua. Katika mji ule hata mtoto wa kunyonya alijua kwamba maji na chokaa ya moto havisuluhishiki. Tone moja likiangukia mawe yaliyoiva, hufoka na kuchemka. Yakipita mengi kwenye ufa, tumbo zima hupasuka, na wanaosimama mdomoni hawaachi hata kitu cha kuzikwa. Mwaka mmoja wa nyuma, au wa mbele, kwa maana miaka ya huko haikupangwa foleni, ukuta ulimwangukia mtu aitwaye Mshindo. Watu walipopanda ngazi kuuliza nani ana dhamana, waliambiwa mwenye dhamana alikuwa Tajiri, na Tajiri hayupo tena, yupo Mwajiri. Mjane wa Mshindo alikaa kwenye ngazi ile akimsubiri Tajiri arudi. Alikaa mpaka akawa mweupe kama ngazi yenyewe, na watu wakawa wanampita wakidhani ni sehemu ya jengo.

"Umemwambia?" Sikudhani akauliza.

"Nimwambie nani? Sijui leo anaitwaje."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kumwita kwa neno la jana kulihesabiwa utovu wa adabu, na wachochezi hawakuwa na nafasi ya kwenda kusoma mlangoni kila saa. Sikudhani akamshika mumewe mkono, wakapanda pamoja.

"Msimamizi," Sikudhani akasema walipofunguliwa, kwani ndilo aliloliandika asubuhi. "Tanuri lina ufa na mvua inakuja. Tunaomba amri ya kuzima."

Machano aliwasikiliza akiwa amelaza mikono juu ya meza, kama mtu anayesubiri ikauke.

"Kuzima?" akasema. "Msimamizi anasimamia moto uwake. Kuzima ni kinyume cha kusimamia. Jambo hilo angeulizwa Mkurugenzi."

"Si wewe?" Faki akasema. "Juzi tu ulikuwa wewe."

"Alikuwa yule." Machano alilitamka *yule* kwa upole, kama mtu amtajaye jamaa aliyehama. "Simfahamu sana. Wanasema alikuwa mkali."

Wakashuka. Faki akarudi kwenye mdomo wa tanuri kwa sababu moto ulikuwa na njaa, na hakuna aliyesema usilishwe.

Kabla rangi haijakauka vizuri, king'ora kililia na Machano akatoa kichwa mlangoni.

"Wewe wa rangi. Wamesema niwe Mratibu."

"Wamesema nani?"

"Wao."

Sikudhani akaandika MRATIBU, kisha akaingia ndani na brashi ingali mkononi, akaomba tena. Machano akamweleza, bila hasira, kwamba mratibu ni mtu wa kupanga mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Uamuzi ukishuka, yeye ataupanga vizuri sana. Alionekana kweli anautamani ushuke, apate cha kupanga. Na huko chini ufa ulioingiza mkono sasa ulikuwa unaingiza bega, na Faki alipokohoa Sikudhani alimsikia kutoka juu, akamtambua kati ya vikohozi vyote.

King'ora kikalia tena. Safari hii neno lilikuwa KAIMU.

"Kaimu maana yake nimemshikia mtu nafasi," Machano akasema, kabla hajaulizwa.

"Umemshikia nani?"

"Hajaja bado."

"Na akija?"

"Akija mimi nitakuwa nimeondoka. Kwa hiyo sitamwona."

Sikudhani akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Hakuwa mtu wa hasira. Aliyatazama mambo kama anavyotazama mbao, akitafuta mahali rangi ilipoinuka. Akasogea mpaka mezani.

"Machano," akasema.

Mtu yule akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Akageuka kutazama nyuma yake.

"Usiniite hivyo."

"Ndilo jina lako."

"Lilikuwa. Sikiliza, Sikudhani. Siku ya kwanza waliponiita Mzee, nilidhani wanamwita baba yangu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nikaitika, kwa heshima tu, kwa ajili ya baba. Baadaye nikawa naitika haraka. Kisha wakabadilisha. Kila neno lilikuja na sauti yake. Neno la nyapara lilinipa ukali, mimi ambaye hata kuku siwezi kumchinja. Nikaupenda. Nikasema, kumbe ukali ninao! Walipoliondoa ukaondoka. Nikabaki nautafuta, hivi, kwenye mifuko. Mkurugenzi akanipa kikohozi kidogo cha kabla ya kusema. Umewahi kukisikia? Kizuri. Sasa hivi nikiwa peke yangu nasubiri neno, na lisipokuja sijui hata kama nina njaa. Wewe ndiye unayeniandika. Mbona huniandiki kitu kinachokaa?"

"Naandika ninachoambiwa."

"Na mimi nasema ninachoandikwa."

Ngurumo ilisikika, si kubwa, kama mtu anayesogeza kabati katika nyumba ya jirani.

"Niambie neno," Sikudhani akasema. "Katika maneno yote, ni lipi lenye uwezo wa kusema zima?"

Machano akafikiri. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiri, na chokaa ikapasuka kwenye paji.

"Tanuri hili anaweza kulizima mwenyewe," akasema. "Mwenyewe tu."

Sikudhani akatoka. Akakwangua KAIMU. Mikono yake, isiyotetemeka miaka yote, haikutetemeka hata sasa, na jambo hilo lilimshangaza, kwa kuwa hajapata kuandika neno ambalo hakuagizwa. Akaandika MWENYEWE, herufi pana, akaacha nafasi ya kutosha kila upande. Kisha akabisha hodi.

Machano akafungua, akasoma. Akaligusa kwa kidole, kidole kikarudi na weusi.

"Nani kakuagiza?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo sasa ni mimi."

"Ni wewe. Sema tu. Wanakusikia."

Chini ya ngazi wachochezi na wabeba mawe walikuwa wameanza kukusanyika, kwani weusi wa kusini ulikuwa umefika juu ya paa. Faki alikuwa mbele, koleo begani. Machano akawatazama. Akafungua kinywa. Kilikuja kile kikohozi kidogo, kizuri, cha kabla ya kusema, kisha hakikufuatwa na kitu. Akafumba. Akafungua tena. Halafu akashuka ngazi, ngazi moja baada ya nyingine, akapita katikati yao akiomba njia kwa adabu, akaenda kusimama nyuma kabisa, akawa mweupe mmoja miongoni mwa weupe.

Alikuwa ameuacha mlango wazi. Watu wakaona ndani, ambamo hawajapata kuruhusiwa kutazama kwa nafasi. Palikuwa na meza, na kiti chenye mgongo mrefu, na dirisha. Dirisha lilielekea ukuta wa magharibi. Ufa ulionekana pale vizuri kuliko mahali pengine popote, wote, kuanzia chini hadi juu, kama picha iliyotundikwa.

Tone la kwanza likaanguka. Liliangukia jiwe kando ya mdomo wa tanuri, likafoka.

"Zimeni," Sikudhani akasema.

Hakuna aliyesogea. Si kwamba hawakutaka. Walikuwa wameinama mbele, kila mguu umekaa tayari, lakini palikosekana kitu kidogo.

"Nani kasema?" akauliza mmoja wa wabeba mawe. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetafuta mahali pa kushika.

"Nimesema mimi."

"Wewe nani?"

Sikudhani akatazama mlango uliokuwa ubavuni mwake, rangi ikiwa bado mbichi.

"Mwenyewe," akasema.

Neno hilo lina nyuso mbili. Mwenyewe ni mwenye mali, mwenye nyumba, mwenye ng'ombe. Na mwenyewe ni mtu peke yake, asiye na wa kumsaidia wala wa kumsingizia. Sikudhani alikusudia huu uso wa pili. Wao walisikia ule wa kwanza. Ikatosha.

Wakakimbia. Wakachomoa magogo mdomoni, wakaziba kwa udongo matundu ya hewa, wakayavuta mawe yaliyoiva kwa vyuma virefu na kuyaburuta mpaka chini ya banda, wakipiga kelele, wakiitana kwa vikohozi. Machano alikuwa miongoni mwao. Alishika chuma upande mmoja na Faki upande mwingine, na katika moshi ule alikuwa akiimba, vibaya vilevile. Jiwe lilimgusa Faki mkononi likaondoka na ngozi. Hakupata nafasi ya kulia. Mvua ilipoteremka kwa ukweli wake, ya kumwaga, ndoo kwa ndoo, tanuri lilikuwa halina kitu tumboni. Ukuta wa magharibi ukalegea, ukapiga magoti, ukaangukia ndani. Chini yake hapakuwa na mtu.

Kisha wakafanya jambo ambalo hawakulipanga. Walibaki kwenye mvua. Chokaa ikawatiririka usoni, mashavuni, vifuani, ikaenda zake mferejini, na watu wakaanza kuonana. Wako waliocheka. Wako walioona haya, wakajifunika. Mtu aligundua kwamba yule aliyekuwa akimwita kaka alikuwa mdogo kwake kwa mbali. Pale ngazini aligunduliwa mjane wa Mshindo, akiwa hai, na uso wake, ulipooshwa, ulikuwa wa mwanamke ambaye bado si mzee. Wakamwinua, wakampeleka kwake. Na Sikudhani akamwona Faki ana ndevu za mvi. Hakujua zilianza lini. Akazigusa kwa nyuma ya mkono, kwa kuwa kiganja kilikuwa na rangi.

Moshi ulipokwisha jua likaja, na likakaa. Asubuhi ikawa asubuhi. King'ora hakuna aliyekipuliza.

Hapo ndipo walipoanza kumjia.

"Mkuu, tufanye nini sasa?"

"Mimi Sikudhani," aliwajibu.

"Ndiyo, Mama. Tufanye nini?"

Akawaambia wapumzike, wakapumzika. Wakarudi. Akawaambia wauondoe ukuta ulioanguka, wakauondoa. Akasema ujengwe mpya, mnene kuliko wa kwanza, na usiwashwe moto mpaka ukauke, na mchochezi yeyote akiona ufa avute kuni bila kuuliza. Yote yalikuwa maneno ya haki. Hata yeye, alipoyapima baadaye, hakuona la kulirudisha. Mtu alihitajika wa kuyasema, na aliyeyasema ni yeye.

Ndani hakuingia. Lile neno alilikwangua, mlango ukabaki mtupu, na alipotakiwa kuandika jingine alikataa. Alikaa nje, kwenye kidato cha juu cha ngazi, palepale watu wanapopita, ili asifungiwe na mbao yoyote. Siku za mwanzo walikuja kukaa naye, wakamega mkate wakaongea. Kisha wakawa wanakaa kidato cha chini yake. Kisha cha chini zaidi. Hata alipokuwa hayupo, kidato cha juu kiliachwa wazi, na mvua ilipokiloanisha mtu alikifuta. Kwa kuwa hakutaka cheo, na watu hawawezi kufanya kazi bila kuita, neno lilijiotea lenyewe kama nyasi kwenye ufa. Alilisikia kwa bahati, akipita nyuma ya banda, wabeba mawe wawili wakibishana wapi pa kuanzia.

"Ngazini wamesema tuanze magharibi," alisema mmoja.

"Ngazini wakisema, basi," akajibu mwenzake.

Sikudhani akasimama pale. Akatamani kutoka, awaambie kwamba Ngazini hakuna *wao*, kuna mwanamke mmoja mwenye rangi kwenye kucha. Lakini alijua wangesimama wima wakimwona, na kwamba wangekubali, wangekubali kila neno. Akapita upande wa pili.

Akaenda nyumbani. Alipika mwenyewe, wali na mchicha wa nazi, akaweka mkeka chini kama siku zote, sahani moja katikati, akamngoja Faki. Alikuwa na mambo ya kumweleza, yeye peke yake, mtu aliyemjua kabla hajajua kushika brashi. Alitaka kumwambia kwamba anaogopa. Aliyapanga maneno. Aliamua ataanza na lile la wabeba mawe, wacheke kwanza.

Faki akaja mchana ukiwa umesimama. Mkono ulioungua ulikuwa umefungwa kitambaa safi. Aliosha miguu nje, akavua kofia, akafika kizingitini mwa nyumba yake mwenyewe, akasita. Alimzidi mkewe miaka mingi, na sasa kila mtu aliweza kuziona ndevu zake. Akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," akasema.

Sikudhani aligeuka atazame ni nani aliyeingia nyuma yake. Ukutani hapakuwa na mtu.

"Marahaba," kinywa chake kikajibu, kabla yeye mwenyewe hajakifikia.